Miti ya dawa inayozaliwa chupani: kinachofanyika na kisichofanyika

Ukitamka kwamba miti ya dawa inaweza kuzalishwa maabara, ndani ya chupa, majibu utakayoyapata Unguja na Pemba ni ya aina mbili. Wapo watakaoshituka: hiyo si ndiyo ile mimea iliyobadilishwa vinasaba? Na wapo watakaofurahi kupita kiasi, wakidhani kwamba miti inayotafutwa leo kwa taabu maporini itajaa kila uwanja mwakani. Wote wanastahili maelezo ya kutosha, kwa sababu jambo lenyewe lina faida ya kweli kwetu, ila faida hiyo iko mahali ambapo wengi hawapaangalii.

Tuanze na sababu ya mjadala wenyewe. Dawa nyingi za miti zinazouzwa Darajani, Chake Chake na Wete hutokana na mizizi na magome. Jani likichumwa, jingine huchipua. Mzizi mkuu ukichimbwa, mti umekwisha. Gome nalo likibanduliwa kuzunguka shina lote, njia inayoshusha chakula kutoka majanini hadi mizizini hukatika, na mti hufa ungali umesimama. Visiwa vyetu ni vidogo. Ngezi kule kaskazini-magharibi ya Pemba, Jozani, Kiwengwa na vichaka vya maweni ndiyo akiba iliyobaki, na akiba hiyo inagombaniwa na kuni, mkaa, chokaa, mashamba na majengo. Mganga ambaye zamani alitoka alfajiri na kurudi saa nne na dawa yake, siku hizi hununua gome lililovuka bahari kutoka Bara bila kujua limetoka mti upi.

Hapo ndipo linapoingia wazo la kuotesha tishu. Tishu ni kundi la seli, yaani chembe hai, zinazofanya kazi pamoja: tishu ya ncha ya chipukizi, tishu ya jani, tishu ya mzizi. Kuotesha tishu ni kuchukua kipande kidogo cha mmea, kukilea katika chakula safi ndani ya chupa, na kukifanya kizae machipukizi mengi ambayo baadaye hupewa mizizi na kutolewa nje. Wakulima wengi wameshaisikia njia hii kupitia migomba ya tishu.

Msingi wake si mgeni kwa mtu yeyote aliyepanda muhogo. Unakata kijiti, unakichomeka ardhini, kinaota. Hakuna mbegu, hakuna wazazi wawili. Muhogo mpya ni ule ule wa jana, na shamba zima linaweza kuwa mti mmoja uliokatwakatwa. Tangawizi, manjano, ndizi na vanila huendelezwa hivyo hivyo. Maabara imefanya kipande kiwe kidogo zaidi na mazingira yake yawe safi zaidi.

Wazo lilichukua muda mrefu kukamilika. Mwaka 1902 mtaalamu wa mimea wa Austria, Gottlieb Haberlandt, alitoa hoja kwamba seli moja ya mmea, ikitengwa na kulishwa ipasavyo, ina uwezo wa kujenga mmea mzima. Alijaribu, seli zake ziliishi lakini hazikugawanyika. Msaada mmoja mkubwa ulikuja kutoka kwenye kinywaji chetu wenyewe. Mwaka 1941 Johannes van Overbeek na wenzake huko Marekani walitumia maji ya nazi kulea viinitete vichanga, yaani mimea midogo iliyo ndani ya mbegu, vya mmea wa jamii ya mnanaha. Baadaye Frederick Steward wa Chuo Kikuu cha Cornell akayatumia kwa karoti, na mwaka 1958 akaonyesha mimea mizima iliyotokana na seli zilizotenganishwa. Sababu inaeleweka ukifikiri kidogo: maji yale ni chakula kilichoandaliwa kulea kiinitete cha mnazi, kwa hiyo yana sukari, madini na homoni zinazochochea seli kugawanyika. Hadi leo zipo maabara zinazoyaongeza kwenye chakula cha mimea migumu.

Mwaka 1962 Toshio Murashige na Folke Skoog walichapisha kipimo cha chakula kilichotengenezwa kwa ajili ya tumbaku, na kipimo hicho, pengine kikiongezwa hiki na kupunguzwa kile, ndicho kinachotumika duniani kote. Kina madini, vitamini, na sukari kiasi cha gramu 30 kwa lita. Sukari inahitajika kwa sababu kipande kile hakina majani ya kutosha kujipikia chakula kutokana na mwanga. Ili kisizame, maji hugandishwa kwa ageri, unga unaotokana na mwani. (Mwani wanaoulima akinamama wa Paje na Jambiani, kilimo kilichoanza Zanzibar mwaka 1989, hautoi ageri bali karajinani, ambayo nayo hugandisha. Wao wangeielewa jeli hii kuliko wengi wetu.)

Sasa tazama ugumu wa kazi. Bakuli la uji wa sukari likiachwa wazi usiku mmoja huvamiwa na wadudu wasioonekana kwa macho, na kesho yake limechacha. Chupa ya tishu ni bakuli hilo hilo, na linatakiwa likae wiki nne bila kuchacha, na mmea hai ndani yake. Ndiyo maana jeli hupikwa kwa mvuke wa shinikizo kwenye nyuzijoto 121 kwa takriban dakika 15 hadi 20. Kipande cha mmea huoshwa kwa sabuni, kwa spiriti, kisha kwa dawa ile ile ya kung'arisha nguo nyeupe, na kusuuzwa mara kadhaa kwa maji yaliyotakaswa. Kukata na kupandikiza hufanywa mbele ya feni inayosukuma hewa iliyochujwa, kwa kisu kilichopitishwa motoni. Spora moja ya ukungu ikiingia, chupa imekwenda.

Kipande kikishatulia, homoni huamua kitakachoota. Mwaka 1957 Skoog na Carlos Miller walionyesha kwamba siri iko katika uwiano wa homoni mbili. Saitokinini ikizidi, machipukizi hutoka kwa wingi. Oksini ikizidi, hutoka mizizi. Fundi wa maabara huanza na chakula cha machipukizi, akagawa kila wiki nne na kuyaweka kwenye chupa mpya, mpaka apate idadi anayoitaka, ndipo ayahamishie kwenye chakula cha mizizi. Chipukizi moja likizaa matatu kila mwezi, baada ya miezi sita hesabu ya karatasini inafika 729. Kwa vitendo hupungua, kwa kuwa nyingine huoza, nyingine hudumaa. Hata hivyo hakuna kitalu cha kawaida kitakachokupa idadi hiyo kutoka mti mmoja kwa muda huo.

Hofu ya vinasaba

Hofu ya kwanza niliyoitaja, ile ya GMO, yaani mimea iliyobadilishwa vinasaba, ina chanzo kinachoeleweka. Kugeuza vinasaba ni kuingia ndani ya seli na kubadilisha maelekezo ya urithi, mathalani kwa kupachika jeni kutoka kiumbe kingine. Kuotesha tishu hakugusi maelekezo hayo, huyanakili yalivyo. Ila mtaalamu anayegeuza vinasaba, akishaigeuza seli yake moja, analazimika kuilea chupani hadi iwe mmea. Kwa hiyo chupa zile zile utazikuta katika kazi zote mbili, na picha zao magazetini hufanana. Mgomba wa tishu, shubiri ya tishu na tangawizi ya tishu ni mgomba, shubiri na tangawizi kama zilivyokuwa.

Kunakili huku kuna kasoro moja inayopaswa kusemwa wazi. Tishu ikikatwa na kugawanywa mizunguko mingi mno, au ikipitia hatua ya kuwa bonge la seli zisizo na umbo, baadhi ya miche hutoka na hitilafu: majani yaliyojikunja, rangi iliyopauka, umbo la kibeti. Kwenye migomba wataalamu huweka kikomo cha mizunguko na kurudi shambani kuchukua ncha mpya. Anayezalisha miti ya dawa anapaswa kujiwekea kikomo kama hicho, tena kikali zaidi, maana hitilafu ya dawa haionekani kwa macho kama jani lililojikunja.

Nguvu ya dawa

Hili ndilo swali waganga wetu hulirudia, na wana haki: dawa iliyozaliwa chupani itatibu kama ile ya msituni?

Vitu vinavyoufanya mmea uwe dawa, kwa sehemu kubwa, ni silaha zake. Uchungu wa shubiri, ukali wa karafuu na harufu ya kivumbasi ni njia za mmea kujikinga na wadudu, ukungu na wanyama. Ndani ya chupa hakuna adui. Sukari ipo, kivuli kipo, joto halipandi wala kushuka. Mche wa humo aghalabu haujajenga silaha za kutosha, na asije mtu akauza majani ya chupani kama dawa. Lakini mche huo ukitolewa, ukazoezwa jua na udongo, ukakua miezi au miaka unayostahili, maelekezo yake ya urithi yapo kamili na huanza kazi. Wingi wa dawa utategemea udongo, mwanga, ukame na umri, kama unavyotegemea kwa mti wa msituni.

Neno umri hapa lina uzito. Kama dawa inatoka kwenye gome la mti wa miaka kumi, mti wa chupa utahitaji nao kukua miaka yake. Chupa huharakisha idadi, haiharakishi umri. Anayemwahidi mkulima wa Micheweni mavuno ya magome ndani ya mwaka mmoja anamdanganya.

Na hapa tunafika kwenye lile jambo ambalo nadhani linapuuzwa kuliko yote. Kwa kuwa chupa hunakili, kila kitu kinategemea kilichoingizwa. Mimea ya aina moja haifanani kwa dawa. Chukua vivumbasi viwili vya aina ile ndefu yenye majani mapana: kwa macho ni ndugu, lakini kimoja mafuta yake yanaweza kuwa na kemikali iitwayo eugenoli kwa wingi, ile ile ya karafuu, na kingine kikajaa kemikali nyingine, thaimoli. Pakanga nayo, inayotoa artemisinini ya kutibu malaria, hutofautiana sana mmea kwa mmea. Ndiyo maana wazalishaji wake huchagua kwanza mama, yaani mimea ya kuchukuliwa vipande, wenye kiwango kikubwa kabla ya kuwazidisha. Ukichukua mti wowote uliouona karibu na barabara ukauzidisha mara elfu, utakuwa na dawa dhaifu mara elfu, na zote zinafanana.

Nani anajua mti upi ni mzuri? Vipimo vya maabara vinaweza kusema. Lakini wa kwanza kuulizwa ni mganga aliyerudi kwenye mti ule ule miaka thelathini akiuacha wa jirani yake. Maarifa hayo ni mali. Mradi unaomchukua mzee msituni akaonyesha miti, kisha ukamsahau miche ilipoanza kuuzwa, umemwibia, na sioni neno jepesi zaidi la kulitumia. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 iliwekwa duniani kwa sababu ya visa vya namna hiyo: mwenye rasilimali na mwenye maarifa waridhie, na wagawiwe faida.

Kuchagua mama mmoja tu nako ni hatari. Wanaolima viungo Unguja wanamjua mkungumanga: upo dume na upo jike, na dume hauzai kungumanga. Mjafari nao ni wa namna hiyo. Ukiuzidisha kwa chupa kutoka mti mmoja wa dume, utapata shamba lenye afya lisilotoa mbegu hata moja, na siku chupa zikikosekana, uzao umekatika. Vilevile miti yote iliyo nakala ya mmoja ina udhaifu ule ule. Ugonjwa ukiujua mlango wa mmoja umeijua milango yote. Kwa hiyo mama wawe wengi, kutoka sehemu mbalimbali, Pemba na Unguja, dume na jike, na kila ukoo uandikiwe ulikotoka.

Safi haina maana ya kinga

Watu wengi huamini kwamba mche wa tishu hauugui. Mche ulioandaliwa vizuri hutoka chupani bila udongo, kwa hiyo haubebi minyoo ya mizizi, bungua wala ukungu wa ardhini. Virusi ni jambo jingine. Vinaweza kuishi ndani ya tishu hadi chupani, na kuviondoa kunahitaji kuchukua ncha ndogo mno ya chipukizi, mara nyingi baada ya kuulaza mmea kwenye joto, kisha kupima. Ukishatoka nje, mche safi hauna ulinzi wa ziada. Mgomba wa kisukari wa tishu ukipandwa kwenye shamba lenye ugonjwa wa mnyauko utanyauka kama wa kienyeji. Tangawizi ni hivyo hivyo.

Hata hivyo, kwa nchi ya visiwa usafi huo una thamani ya pekee. Machipukizi na vipande vyenye udongo vinavyoshushwa kwenye bandari zetu za Malindi au Mkoani vinaweza kuingiza wadudu ambao bahari ilituzuilia kwa karne nyingi. Mche uliosafiri ndani ya chupa, ukiwa na cheti cha ukaguzi, ni njia salama zaidi ya kuleta mmea kutoka Bara au ng'ambo.

Si kila mti unahitaji chupa, na hapa napenda tuwe wakali na fedha za umma. Mlonge huota kwa mbegu na kwa kijiti. Mwarobaini huota kwa mbegu mbichi hata bila kuombwa. Kuijengea maabara miti hiyo ni hasara. Chupa inafaa kwa manjano na tangawizi, ambazo hurithishana magonjwa kila zinapopandwa kwa vipande. Kwa aina za shubiri ambazo machipukizi yake ya pembeni ni machache. Na kwa miti adimu ambayo mbegu zake hazioti kirahisi. Ipo shubiri iliyopewa jina la kitaalamu la Aloe pembana kwa heshima ya kisiwa cha Pemba. Mmea wa asili wa eneo dogo kama hilo ukihifadhiwa chupani na bustanini, moto mmoja wa kichaka hauwezi kuumaliza.

Miti yenye shina gumu ndiyo inayosumbua zaidi, na sababu yake inavutia. Ukikata ncha ya mkarafuu, kemikali za jamii ya zile zinazoupa thamani hutoka kwenye jeraha, hugeuka kahawia na kuitia sumu jeli, na kipande hufa kwa dawa yake mwenyewe. Mafundi hupambana kwa kukiweka gizani, kukihamisha haraka, au kuchanganya vitamini C au mkaa maalumu kwenye chakula. Kila mti hudai kipimo chake, na kukipata kunaweza kuchukua miaka. Mafanikio ya migomba hayahamishwi kwa mjafari kwa kubadilisha lebo ya chupa.

Kuna na umeme. Chumba cha kulelea hutaka joto la nyuzi 25 hivi na mwanga wa saa 16 kwa siku. Wakazi wa Unguja wanaukumbuka wakati wa giza tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, umeme kutoka Bara ulipokatika. Maabara isiyo na umeme wa akiba ingepoteza kila chupa. Zipo taasisi zenye uzoefu wa kazi hii, kama kituo cha utafiti wa kilimo cha Mikocheni, Dar es Salaam. Kwa maoni yangu busara ni kuanza kwa ushirikiano: mama wachaguliwe na kutunzwa huku, kwenye mashamba ya utafiti kama Kizimbani na kwenye shehia zenye misitu, chupa zifanyiwe kazi palipo na vifaa, na miche irudi kukomaa kwetu.

Kurudi huko ndiko kunakoua miche mingi. Jani lililokulia chupani halina nta ya kutosha juu yake, na vitundu vyake vya kupumulia havijajifunza kujifunga. Ukilitoa moja kwa moja kwenye upepo wa kaskazi linakauka kabla ya magharibi. Jeli yote huoshwa mizizini, maana sukari iliyobaki huita ukungu. Mche hupandwa kwenye mchanga uliochanganywa na makumbi ya nazi yaliyosagwa, hufunikwa nailoni chini ya kivuli, na nailoni hufunuliwa kidogo kidogo kwa wiki mbili hadi nne. Halafu hukaa kitaluni wiki kadhaa nyingine. Ili uingie shambani mvua za masika zinapoanza, mwezi wa Machi, mche unapaswa kutoka chupani mwanzoni mwa Januari.

Anayeuziwa mche wa dawa wa tishu aulize mambo machache kabla ya kutoa pesa yake. Mama yake ni mti gani, na uko wapi? Ulipimwa dawa yake, au ulichaguliwa na nani? Umepita mizunguko mingapi chupani? Una muda gani tangu utolewe? Na kama ni mti wa dume na jike, anauziwa upi? Muuzaji asiyeweza kujibu swali la kwanza hana haja ya kuulizwa mengine.